Swichi Sita, Boksi Moja

Jumatatu, 9 Juni

Umeme umekatika katikati ya taarifa ya habari. Siyo mgao. Luku imeisha! Nimejaza juzi tu!

Wezi nawajua. Emerensiana, muuguzi wa chumba cha kwanza, anakwenda zamu na kuacha taa inawaka, eti kibaka adhani yumo ndani. Luqmani, fundi cherehani wa chumba kilichopakana na sebule yangu, anawasha taa saa sita mchana. Nikimuuliza anasema Juni ina mawingu. Mawingu! Luku ni moja, wapangaji wanakula umeme kama njugu, na mimi ndiye mwenye nyumba.

Mke wangu Valeria hupenda kunikumbusha kwamba kiwanja alipewa na baba yake. Sawa. Lakini nani alisimamia ujenzi? Nani anashika funguo? Mtaa huu wote wa Nangara nani anaitwa mwenye nyumba? Tangu nistaafu utunzaji wa ghala la shule, hicho ndicho cheo pekee nilichobaki nacho.

Nimepata dawa. Swichi zote za nyumba zihamie sebuleni, kando ya kiti changu. Vyumba viwili vyenye wapangaji, korido, jiko, bafu, baraza. Sita. Nitawasha mimi, nitazima mimi.

Nikamweleza Valeria. Aliweka kijiko chini.

"Baba Sabrina, Gidamis alihama mwezi uliopita kwa sababu ya ufunguo wako wa choo. Akihama mpangaji mwingine, funguo za nyumba hii nashika mimi."

Akaongeza kwamba ukuta wa sebule kaupaka rangi Pasaka na asione mtu anautoboa. Roho inaniuma mpaka sasa.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda mjini kununua umeme wa Luku na vifaa. Swichi yenye vitufe sita, safi kabisa. Na boksi la plastiki la kubandika juu ya ukuta, kwa hiyo hakuna kuchimba. Valeria atasema nini?

Dukani nimemkuta nani? Zabron! Fundi umeme maarufu, kwa maneno yake mwenyewe. Nilipokuwa ghala la shule alikuwa mwanafunzi, akaazima mpira, hadi leo hajaurudisha. Akaniamkia, nikaitika kwa sauti ndogo. Akachungulia mfuko wangu bila kukaribishwa. Akasema boksi hilo ni jembamba mno, mgongo wa swichi peke yake unalijaza, nyaya zitakaa wapi? Akamwambia mwenye duka anipe lenye kina kirefu. Lilikuwepo. Bei karibu ile ile.

Ningelichukua. Wallahi ningelichukua, kama asingelitaja yeye. Nikamwambia mimi nimetunza ghala miaka ishirini na sita, najua kupanga vitu. Nikaondoka na langu jembamba.

Jumatano, 11 Juni

Nimezima swichi kubwa, nimefungua swichi za watu wote, nimepitisha nyaya darini. Wapangaji wote walikuwa wametoka. Luqmani aliporudi na kukuta kifuniko kitupu ukutani kwake aliuliza. Nikamwambia ni agizo kutoka juu. Si uongo. Nilikuwa juu ya ngazi.

Kila taa imeleta nyaya mbili. Sita mara mbili, kumi na mbili, na mmoja wa kuleta umeme. Zote zikaingia boksini vizuri. Tatizo ni swichi. Ukiisukuma kulia, nyaya zinatoka kushoto. Ukizirudisha kushoto, zinatoka chini. Nyaya gani hizi zina kiburi namna hii? Nimesukuma kwa kiganja. Nimesukuma kwa goti. Nimeiegemezea benchi na kulikalia. Swichi bado imeachana na boksi kwa upana wa kidole, na skrubu zilizokuja nayo hazifiki.

Nimeibana kwa mpira wa baiskeli. Tukakaa kula. Katikati ya chakula mpira ukafyatuka ukatua kwenye bakuli la maharage. Valeria akautoa kwa kijiko, akaupangusa, akaniwekea kando ya sahani yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Valeria amekwenda kwa dada yake kule kijijini Bonga tangu asubuhi. Akili yangu ikafunguka. Boksi halina kina? Ukuta unacho! Nikate mgongo wa boksi, nichimbe kidogo nyuma yake, nyaya zilale humo. Boksi lenyewe litaficha shimo. Zabron hawezi kuwaza hivyo hata akisoma tena kuanzia chekechea.

Nikachukua tindo na nyundo. Tofali likawa gumu. Nikakasirika. Nikapiga. Likawa gumu zaidi. Nikamkumbuka Zabron na mpira wa shule, nikapiga kweli kweli.

Tindo likazama lote.

Nikalichomoa. Shimoni mwanga. Nikachungulia. Upande wa pili kulikuwa na jicho.

"Shikamoo, mzee," likasema.

Nikaitika marahaba. Ningefanya nini? Adabu ni adabu.

Luqmani akasema kwa upole kabisa kwamba vumbi la tofali limeangukia gauni la bibi harusi, jeupe, la Jumamosi. Nikamwuliza kwa nini anashona karibu na ukuta wangu. Akasema chumba chake kina kuta nne na zote ni zangu. Mjeuri! Nimemwambia atundike kalenda upande wake na asimwambie Mama Sabrina. Akasema atanyamaza kama nitamrudishia swichi yake. Nikasema nitafikiria. Nimeshafikiria. Simrudishii.

Ijumaa, 13 Juni

Imefunga! Sehemu ya nyaya imelala ndani ya ukuta, swichi imekaa. Karibu ikae. Skrubu zake bado zilikuwa fupi, nikatumia mbili ndefu za bawaba ya mlango. Nikakaza mpaka mkono ukauma. Nikaandika majina kwa kalamu juu ya vitufe. Saa moja jioni nimekaa kwenye kiti changu, mwenye nyumba halisi.

Nikaanza na Luqmani. Nikabonyeza jina lake, na bafuni Emerensiana akapiga kelele. Kumbe nyaya zimebadilishana humo shimoni! Nikabonyeza bafu ili kumrudishia, na cherehani ya Luqmani ikanyamaza. Nikabonyeza korido, ikazimika taa ya jikoni, Valeria yumo na sufuria la moto. Nikapandwa na hasira. Nikabonyeza vyote kwa pamoja.

Pa! Cheche, harufu ya plastiki, giza nyumba nzima.

Emerensiana alitoka na kanga, povu hadi machoni, akipapasa ukuta. Alinipita. Mimi mwenye nyumba, alinipita! Akaenda moja kwa moja kwa Valeria na kumwambia kwamba Jumapili anahama, amepata chumba kule Nakwa. Luqmani akaja nyuma yake na tochi na lile gauni. Mkono mmoja kaushona ukazibika kwenye giza. Akasema na yeye anahama. Na kuhusu shimo akasema yote.

Nikawaambia kama wangekuwa wanazima taa zao haya yasingetokea. Wakaondoka na tochi yao. Inaudhi sana kusema peke yako gizani.

Jumamosi, 14 Juni

Alfajiri Valeria amemwita Zabron. Katika mafundi wote wa Babati!

Kafungua boksi. Hakucheka, na hilo limeniudhi kuliko angecheka. Kamwonyesha mke wangu skrubu yangu ya bawaba, imepita katikati ya nyaya mbili, plastiki imeyeyuka mpaka rangi ya Pasaka imekuwa nyeusi.

"Mzee, ingewaka usiku mngeungua wote humu," akasema.

Valeria alikaa kwenye kiti. Kiti changu. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwaka, nikaona uso wake nikaacha.

Zabron amerudisha kila swichi mahali pake na kuziba shimo kwa saruji. Valeria akanyoosha mkono, nikampa funguo. Zote, hata wa choo. Emerensiana, mizigo imeshafungwa mlangoni, akamwuliza kama ni kweli sasa mwenye nyumba ni yeye. Valeria akasema ndiyo. Emerensiana akafungua mizigo. Luqmani akarudi kumalizia gauni.

Jumapili, 15 Juni

Tulipotoka kanisani, jirani mmoja amesimama njiani na kusema, "Habari za Jumapili, mwenye nyumba." Nikaitika. Alikuwa anamsalimia Valeria.

Miaka kumi na minne nimeitwa jina hilo. Nimeingia chumba alichokiacha Gidamis, nikafunga mlango, nikakaa. Kipo kitupu, hakuna anayenihitaji humo. Nimekaa mpaka jioni. Machozi sikutoa. Vumbi la saruji lilikuwa bado hewani.

Na nimeona ukweli. Kosa langu lilikuwa nini? Nilianza na umeme! Umeme ni wa watu kama Zabron. Maji ndiyo jambo. Emerensiana anafua kila siku. Luqmani analowanisha vitambaa. Koki ya uani iko wazi kama ya stendi, na Valeria amechukua funguo za milango tu, za maji hajasema. Koki ikitiwa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu anayeaminika, si watakuja wenyewe kubisha hodi kwangu?

Sanduku ninalo stoo. Nimelipima kwenye koki kabla ya giza. Ni jembamba kidogo, mlango hautaki kufunga. Kesho nakwenda na nyundo.