Penye "Mbwa" Pasomeke "Mume"

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na hujikuni popote. Mimi ni kinyozi, mwenye duka la viti viwili na kioo kimoja kirefu. Gazeti lako nimewanunulia wateja wangu miaka mingi bila kukusumbua hata kwa salamu. Leo nakusumbua. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, karatasi ipo juu ya ule ubao tunaowakalishia watoto, na naandika kwa adabu zote nilizobakiwa nazo.

Jambo lenyewe ni safu yenu ya afya ya mbwa.

Mwaka huu nilipatwa na muwasho. Mikono, shingo, nyuma ya magoti. Na kinyozi anayejikuna ni balaa: mteja mmoja nilimwachia njia katikati ya kichwa, mwingine alishuka kitini na kitambaa cha kunyolea shingoni, akaenda nacho moja kwa moja. Dawa za kupaka nilizimaliza zote. Ndipo mke wangu, ambaye hushona sare za shule pale sebuleni, akaenda kununua vifungo akafungiwa kwa kipande cha gazeti lako. Kipande kilikuwa kimechanika juu. Kilianzia kwenye neno "wako", kikaendelea hivi: "wako anapojikuna bila kupumzika, usikimbilie dawa; anza na chakula chake na ngozi yake." Nyumbani kwetu anayejikuna ni mmoja tu. Mke wangu akaelewa ni "mume wako".

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lugha. Mke wangu simlaumu hata kidogo. Mbwa anajikuna, mume anajikuna. Mbwa mwogeshe, mume mwogeshe. Ingekuwa kabati, mngeandika "linajikuna", na mama watoto angeshtuka palepale. Lakini mwandishi wenu baada ya mstari wa kwanza hakulitaja tena neno mbwa. Alikaa anaandika "rafiki yako mwaminifu". Mke wangu alikuwa akinisomea kwa sauti, na alipofika kwenye "mwaminifu" alinitazama kidogo, kisha akaendelea. Penye neno "mkia" alisema ni kosa la chapa. Na kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, nani angembishia?

2. Chakula. Mliagiza apewe nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, mfano sungura, na wanga wa aina moja, wiki nane, asionje kingine. Nimekula sungura na viazi vitamu mpaka nikawa nikipita mbele ya kioo naangalia masikio kwanza. Mkate marufuku, mayai marufuku, maziwa marufuku. Tena mkaongeza kwamba asipewe mabaki ya mezani "hata akikutazama kwa macho ya huruma". Sentensi hiyo imeandikwa na mtu asiye na roho. Nyumbani kwa shemeji yangu, mbele ya wakwe wote, nilinyanyua kipande cha keki ya mtoto, mke wangu akanipokonya kabla hakijafika mdomoni, akawaomba wageni wasinihurumie kwa kuwa macho yangu yana hila.

3. Bakuli. Nina bakuli langu peke yangu, halichanganywi na vyombo vya wengine. Mama mkwe alipokuja kututembelea akaliosha pamoja na sufuria, akakemewa na binti yake wa kumzaa. Tangu hapo anaamini nina ugonjwa wa kuambukiza. Siku hizi ananisalimia kupitia dirishani.

4. Kuogeshwa. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, halafu shayiri iliyosagwa na kulowekwa, unapakwa mwili mzima na kuachwa umesimama kwenye beseni ikufanyie kazi. Mtu mzima, fundi mwenye duka lake! Kisha unakaushwa kwa kubonyezwabonyezwa na taulo, si kusuguliwa. Nikirudi kutoka kazini namkuta mlangoni na kitambaa chenye maji, ananipangusa nyayo kidole baada ya kidole. Kucha zilikatwa, shuka zikafuliwa kwa maji ya moto, na zulia nililopewa na marehemu baba likatolewa nje kwa tuhuma za vumbi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: nimepona. Ngozi imetulia, mkono umetulia, nachonga mstari wa kipaji cha uso unaonyooka. Lakini kupona kwangu hakuwaondolei ninyi lawama, maana sikupona kama mtu.

5. Aibu. Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, alilikuta toleo zima kwenye rundo la magazeti dukani, akaanza kusoma kwa sauti kama ilivyo ada yake. Alipofika katikati ya sentensi ya maji ya vuguvugu, mimi nikaimalizia. Iliyofuata nikaimalizia pia. Nikajivuna kabisa, nikawaambia waliokuwepo kwamba kwangu hayo yote yanafuatwa. Mwalimu akavua miwani akaniuliza kama nafuga mbwa. Nikasema sifugi. Ndipo akanigeuzia ukurasa nikaona kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MBWA WAKO NA MZIO. Duka zima lilicheka hadi mashine ya kunyolea ikawa haisikiki. Sasa naitwa Simba. Kwa watu wengine kuitwa Simba ni sifa. Dukani kwangu kunaambatana na mluzi.

6. Hili ndilo hasa lililoniketisha kuandika. Mimi na mke wangu tumeoana zamani, watoto wameshajitegemea, na mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki "umefunga mlango?" na "gesi imekwisha". Hatukuwa na ugomvi wowote. Tulinyamaziana tu, yeye na cherehani yake, mimi na redio. Tangu kipande chenu kiingie nyumbani, kila jioni nikishakauka anaiacha cherehani, anakuja kukaa nami kwenye kochi, ananiwekea mkono kichwani. Ananipa pole. Ananiambia leo nimejitahidi. Ndugu Mhariri, mimi nashika vichwa vya watu kutwa nzima. Changu hakuna aliyekuwa akikishika. Nikadhani nimependwa upya, uzeeni huku. Kumbe ni maelekezo ya mbwa! Bila shaka mmeandika mahali fulani kwamba rafiki mwaminifu apapaswe kichwa na asifiwe anapojizuia kujikuna. Roho iliniuma, na inaniuma hata sasa ninapoandika. Na mke wangu bado hajajua. Akijua ataona haya, atarudi kwenye cherehani yake, na kochi litabaki langu peke yangu. Naogopa, nasema wazi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mchape masahihisho ukurasa wa mbele, yasemayo: "Katika safu yetu, penye neno 'mbwa' pasomeke 'mume', penye 'mkia' pasisomeke." Wenye mbwa waliokwisha kufuata safu hiyo watangaziwe kwamba wametumia tiba ya waume bila kibali. Nakala zote zilizobaki madukani zikusanywe upesi, hasa za duka la vifungo.

Na kama hayo yote yatawashinda, basi nakubali jambo moja la mwisho. Tangazeni kwamba mimi ni mbwa. Wekeni na picha yangu. Hapo mke wangu atakuwa amefuata maelekezo sawasawa tangu mwanzo, hatakuwa na cha kuonea haya, na hatakuwa na sababu ya kuacha. Kubweka sijui, lakini kinyozi ni fundi, na fundi hujifunza.

Wasalimie wapiga chapa wako, mlinzi wa getini, wauza magazeti wote, na mwandishi wa safu pamoja na mbwa wake, ambaye namwombea siku moja aonje mkate. Ukipita huku karibu nikunyoe. Usihofu, mkono umetulia.

Ni mimi nisiyelala nikingoja masahihisho,

Kinyozi wa Viti Viwili

Tanbihi: Nilitaka kukuambatanishia safu yenyewe, ule mstari wa kupapasa kichwa nikiwa nimeupigia wino mwekundu ili usije ukanikana. Kwa hasira nilikuwa sijaisoma yote kwa macho yangu. Sasa nimeisoma kuanzia juu hadi chini, na Mwalimu, aliyekuja kunyolewa, amenisomea tena kwa miwani yake. Sungura yumo. Beseni limo, nyayo zimo, kucha zimo. Mkono kichwani haumo. Pole haimo. Kukaa kwenye kochi hakumo kabisa. Tumegeuza na upande wa pili, kuna tangazo la matairi.

Basi usichape kitu, Ndugu Mhariri. Nafunga duka sasa hivi, nakwenda nyumbani. Mwalimu nimemnyoa upande mmoja. Huo mwingine utangoja kesho.