Beberu wa Thomasi Kutangazwa Ng'ambo

Abdiel Sumari,
Kimandolu, Arusha.

Kwa Mkuu wa Vipindi,
Redio ya Walinda Amani.

Ndugu Mkuu,

Pokea heshima zangu pamoja na uchungu wangu. Mwanangu, Sajenti Thomasi, yuko ng'ambo na kikosi chetu, wanalinda amani baada ya vita. Kipindi chenu cha salamu za Jumapili, ambacho hata sisi wa nyumbani tunakisikia, naomba kifungwe. Sababu ni hizi:

1. Mama Thomasi mlimpa dakika mbili amsalimie mwanawe. Akatumia tisa. Katika dakika ya saba akasema, "Pasaka tulikukumbuka sana, mwanangu. Beberu wako alikuwa mnono kweli." Mimi nilikuwa nimeshamwambia Thomasi kwa simu kwamba beberu alikufa kwa homa. Mtangazaji wenu, badala ya kuweka muziki haraka, alicheka.

2. Jumapili iliyofuata Thomasi akajibu, nchi mbili zikisikiliza: "Shikamoo baba. Hiyo homa mliitibu kwa ndimu au kwa pilipili?"

3. Sasa kikosi kizima kinanisalimia. Koplo mmoja, Lemburis, ambaye simjui wala hanijui, amenitakia nafuu ya haraka. Mchungaji wetu naye alisikia nusunusu, akaniombea mbele ya usharika kama mgonjwa. Nikaitikia amina. Ningefanyaje?

4. Hili ndilo kubwa. Nikiuliza tu kwa nini chai haina sukari, Mama Thomasi ananijibu, "Nitasema Jumapili." Nakunywa hivyo hivyo.

Ndugu Mkuu, redio ya amani imeleta vita Kimandolu. Kifungeni kipindi. Ikishindikana, nileteeni walinda amani wawili wakae kati ya jiko na sebule. Mmoja awe Thomasi, maana mbwa anamfahamu, na kitanda chake mama yake hukitandika kila Jumamosi.

Wasalimieni mafundi mitambo, wapishi wa kambi na huyo koplo. Mtangazaji msalimieni kidogo tu.

Wenu ninayeendelea kuvumilia,
Abdiel Sumari.

N.B. Jumapili hii tulikaa wote wawili karibu na redio, kipindi kikaisha bila sauti ya Thomasi. Mama yake akaenda kukitandika kitanda tena, na wala si Jumamosi. Kama mmebadilisha saa, tafadhali tujulisheni upesi. Nimenunua betri mpya, na redio sitaizima.