Mnunuzi Asiyesema Neno

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Fundi amenifungia simu ya mezani inayotumia intaneti. Namba yake inaanza kama za Nairobi. Anayepiga atadhani nina ofisi huko, na sekretari. Kumbe niko Isiolo, sebuleni, nimejifunga shuka. Jennifer, anayenunulia machinjio ya Nairobi mbuzi, ameahidi kupiga wiki hii. Mbuzi ni wa mama mkwe wangu, Akuam, wa Leparua. Amenipa mpaka Jumamosi niwe nimewauza. Nikishindwa, kazi anampa Mako. Mako! Dalali mwenzangu na jirani yangu, ukuta wetu ni mabati tu. Afadhali hao mbuzi wafe kwa kiu.

Simu imelia kabla sijamaliza chai. Kioo kimeandika 100. Nikasema hallo kwa sauti ya ofisi. Kimya. Ikakatika.

Jumanne, 9 Septemba

100 tena. Na tena. Nikiinua, kimya. Nikiweka chini, inalia. Ni nani kama si Mako? Wivu umemla mpaka mifupa. Nikainua nikamtukana kwa Kiturkana, Kiborana na Kimeru, yeye na ukoo wake. Nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Mako mwenyewe, amerudisha sahani ya mke wangu, Atabo. Akaniuliza, "Emuria, ni nani amekukosea hivyo?" Nikamwambia ni mambo ya ofisi. Bila shaka ametuma mtu apige kwa niaba yake. Mjanja huyo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimegundua! Si Mako. Sokoni, mnunuzi wa maana huwa haongei. Anakushika mkono chini ya shuka, mnapeana bei kwa vidole, naye anaangalia mawingu mpaka ushuke mwenyewe. Huyu ni Jennifer, ameleta ukali wa sokoni kwenye simu.

Ikalia. Nikataja bei. Kimya. Nikapunguza. Kimya. Nikaapa kwamba mbuzi wamenona, nikapunguza tena. Akakata. Sijaona mwanamke mwenye roho ngumu namna hii. Atabo akauliza kwa nini natangaza bei ya mbuzi wa mamake hadi majirani wasikie. Nikamwambia asiingilie biashara.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeshuka hadi chini ya bei aliyotaka mama mkwe. Bado kimya! Hasira ikanipanda, nikaita fundi wa simu, Rimberia. Akasema hakuna mtu anayepiga. Eti ni mashine za huko kwenye intaneti, zinapita zikibisha kwa kila simu, zikitafuta iliyoachwa wazi zipige nayo bure. Zinaingia kwenye kisanduku cha simu yangu moja kwa moja, bila kupitia kampuni ya simu. Dawa ni kukiamuru kisanduku kipokee simu za kampuni pekee. Dakika chache tu. Akaanza kubonyeza.

Lakini nilikuwa nimemwona akisalimiana na Mako langoni. Nikamfukuza. Mashine gani inaweza kupunguziwa bei siku mbili na isikubali?

Ijumaa, 12 Septemba

Dawa ya moto ni moto. Leo simu imelia na namba ndefu, ujanja mpya. Nikainua, nikanyamaza mimi. Sauti ya mwanamke: hallo, hallo, huyo ni Bwana Emuria? Jennifer! Nikabana mdomo. Akasema anawachukua mbuzi wote, akataja bei nzuri kuliko ile niliyoanza nayo Jumatano. Jasho likanitoka. Lakini dalali hakubali bei ya kwanza. Nikanyamaza. Akauliza kama namsikia. Nikanyamaza zaidi. Akakata.

Nimemweza. Kesho atapandisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Lori limesimama kwa Mako. Mbuzi wanapakiwa. Jennifer aliona simu yangu ni mbovu, akampigia yeye. Mako aliitikia, akamuuliza habari ya nyumbani na ya safari, wakamalizana. Mwizi!

Mama mkwe alikuwa pale, na kwa mila zetu mkwe hamsogelei mama mkwe, siwezi kwenda kujitetea. Maneno yake aliniletea Atabo: ile bei yangu ya kutupa ilimfikia hadi Leparua, na nisiguse mnyama wake tena maisha yangu yote. Kisha Atabo akaenda kunywa chai na mamake. Kwa Mako. Niliwasikia vizuri sana kupitia mabati, wakicheka.

Jumapili, 14 Septemba

Simu imelia. 100. Nilijua tu Jennifer atajuta. Nimemwambia mbuzi ameshachukua kwa mwizi, ila mimi naweza kumpatia ngamia wazuri wa Kulamawe. Ngamia sina, lakini hilo halimhusu. Nikataja bei. Akanyamaza. Nikapunguza kidogo. Bado amenyamaza.

Huyu yuko tayari kununua.