Tovuti Yenu Inanuna Bila Kusema Kosa

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Tovuti,
Chuo cha Ufundi.

Mheshimiwa Mkuu,

KUHUSU: OMBI LA KUIFUNDISHA TOVUTI YENU KUSEMA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na feni ya ofisini inazunguka. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kidole gumba, ambacho nitakieleza kwenye namba tatu. Nimetumia kalamu kwa sababu malalamiko haya niliyaandika kwanza kwenye ukurasa wenu wa "Tupe Maoni", nikabonyeza Tuma, nikajibiwa: "Hitilafu imetokea." Basi barua hii nimeona nimpe mlinzi wenu wa getini. Yeye akikosea, angalau anasema "aa, samahani".

Mimi ni kijana mwenye akili, hata wasionipenda wanakubali. Naomba nafasi ya kujifunza ufundi wa friji, na mwisho wa kuomba ni Ijumaa hii. Nisipoingia, nitabaki kwenye duka la ushonaji la shangazi yangu, ambako kazi yangu ni kuokota pini sakafuni kwa sumaku na kuwaambia wateja kwamba wamependeza. Kazi zote mbili naziweza sana, lakini friji za watu zinaharibika huku mimi nipo tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tovuti haisemi kosa ni lipi. Nimejaza fomu vizuri, nimebonyeza, imeandika "Hitilafu imetokea." Imetokea wapi? Imemtokea nani? Kwa shangazi, gauni likikataa kukaa, anachukua chaki nyeupe, anaweka alama pale pale penye kosa, anasema: "Hapa kiunoni, dada, pamebana kwa sababu siku ya kupimwa ulivuta pumzi ili uonekane mwembamba." Mteja anakasirika, ndiyo, lakini anaondoka akijua tatizo liko kiunoni. Hazunguki mji mzima akiishuku shingo.

2. "Jaribu tena baadaye." Mheshimiwa, baadaye ya kwenu ni saa ngapi? Nilijaribu baada ya chai. Nilijaribu baada ya kunyolewa, na kinyozi naye akanijaribia, maana anasema mkono wake una bahati. Nikaenda kuoga, nikajaribu nikiwa msafi. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye mdomo wake unakimbia kuliko cherehani, akaniuliza, "Kwani kaka, umeikosea nini hiyo tovuti? Mbona hata salamu haipokei?" Nikampa simu aisalimie yeye. Aliisalimia kwa sauti, wakaitikia majirani.

3. Kila ikikasirika, inafuta kila kitu. Jina langu, jina la mama, la babu, nilipozaliwa, niliposoma, vyote chali, naanza upya. Shangazi hafumui gauni zima kwa sababu ya kifungo kimoja. Nyinyi mnafumua mpaka pamba inarudi shambani. Kidole gumba changu kimejaa misuli. Nikimshika mtu mkono ananiuliza nabeba mizigo wapi.

4. Baadaye ikabadilisha maneno: "Wasiliana na msimamizi wako." Shangazi alikuwa anakata kitambaa. Aliposikia nikisoma, aliweka mkasi chini, akavaa miwani, akaichukua simu. "Msimamizi wake ni mimi," akaiambia. "Mimi ndiye ninayemlisha. Haya sema, amefanya nini?" Akangoja kwa adabu. Simu ikazima mwanga. Akanigeukia akasema, "Umeona? Haina hoja." Tangu siku hiyo ana kinyongo na chuo chenu, na kwa kuwa chuo hakili kwake, kinyongo chote kinakuja kwenye sahani yangu.

5. Hili ndilo lililonifanya nitafute bahasha. Juzi ilitokea alama ya kijani: "Hongera! Maombi yako yamepokelewa." Shangazi akapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaingia na nyundo akidhani tumevamiwa. Mama akapigiwa simu. Mimi nikatoa hotuba fupi. Papo hapo kigoda changu cha dukani akapewa binamu, pamoja na sumaku. Nilipofungua ukurasa nione namba yangu, ukaniambia: "Hakuna mwombaji mwenye jina hili."

Mheshimiwa, sasa dukani sina kigoda na chuoni sina kiti. Barua hii naiandika nimesimama, nimeegemea sanamu la kuvalishia nguo, na binamu anapita miguuni kwangu akisema, "Sogea, injinia, unanikanyagia pini."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote na bila kumdharau mtu aliyesoma, mmwajiri shangazi yangu aandike ujumbe wote wa makosa wa tovuti yenu. Nilimwomba sampuli, akazitamka huku pini ziko mdomoni, nami nikaandika:

"Wewe kijana, tarehe ya kuzaliwa umeandika mwaka huu. Unatuandikia ukiwa tumboni? Panda mstari wa tatu, rekebisha hapo hapo. Mengine nimekutunzia."

"Picha yako ni kubwa mno, imekataa kupita mlangoni. Kaipunguze. Sura haina tatizo, ni ukubwa tu."

Na hii ndiyo niliyoipenda: "Mwanangu, kosa si lako, ni letu. Mashine imezidiwa. Ulichoandika tunacho. Kanywe maji, urudi saa nane."

Ona hapo, Mheshimiwa. Mtu anajua kosa ni lipi, ni la nani, afanye nini, na roho yake inatulia. Masharti yake si makubwa: kiti chenye mgongo, dirisha linalofunguka, na asiitwe "bibi" na vijana wa kompyuta. Mimi nitakuja naye kama mjaribu wa makosa. Niko tayari kukosea kwa niaba ya waombaji wote. Kipaji ninacho.

Tena naomba msiishie hapo. Tovuti iseme ukweli wote, bila kuzunguka, mbele ya yeyote aliyeshika simu. Ikiwezekana hata mzazi au mlezi aelezwe. Mwombaji wa kweli ana nini cha kuogopa?

Nisalimie mlinzi, nisalimie mhasibu, nisalimie na yule aliyechagua ile rangi nyekundu ya maandishi ya kosa, mwambie macho yangu yanaendelea vizuri. Shangazi anakusalimu kidogo. Binamu anasalimu kwa sauti kubwa, kama kawaida yake.

Ni mimi, kwa unyenyekevu ambao watu hawauoni haraka,

Mwombaji Asiyekuwepo
(dukani wananiita Sumaku)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, shangazi amesema nijaribu mara ya mwisho. Mheshimiwa, kumbe mmeitengeneza! Simu alikuwa ameishika yeye, miwani puani, wateja wawili wanangoja kupimwa, naye akasoma kwa ile sauti ya kuitia wateja barabarani: "Ndugu mwombaji, yote uliyojaza tumeyahifadhi. Tatizo ni moja tu. Kwenye Hisabati umeandika B. Kumbukumbu za mtihani zinaonyesha E. Kozi ya friji haidai B. Rekebisha hapo, kisha bonyeza Tuma." Cherehani zote zimesimama. Hiyo B shangazi amekuwa akiwatajia wateja tangu matokeo yatoke. Binamu amelala sakafuni kwa kucheka, juu ya pini, na hajali. Nimerekebisha, labda waliosahihisha mtihani walikuwa na haraka. Nimebonyeza Tuma, imejibu papo hapo: nafasi nimepata, naanza Jumatatu, asanteni sana. Ila kwa ajili ya wenzangu wanaokuja, nakuomba uirudishe ile "Hitilafu imetokea". Ilikuwa haina msaada, lakini ilikuwa inatunza siri. Na lile ombi la kumwajiri shangazi nalifuta. Naona tayari mnaye mwenzake.