Madirisha ya Mheshimiwa Kubanych

Idara ya Hewa ya Jiji ilitangaza, kwa fahari isiyo kifani, kwamba kuanzia Jumatatu moshi wa Bishkek umekoma. Makaa yaliendelea kuwaka katika kila jiko, maana baridi haikuwa imepata nakala ya tangazo. Lakini vipima-hewa vyote vilipewa maelekezo mapya, na namba vilizotuma mtandaoni zikawa za kijani, kijani kama malisho ya mlimani mwezi wa tano.

Mwenye akili hiyo alikuwa Naibu Mkurugenzi Kubanych. Jioni ya Jumatatu hiyohiyo Waziri na wakuu wa Idara wangekula kwake. Waziri akishiba vizuri, neno "Naibu" lingedondoka lenyewe kwenye cheo chake.

Nyumba yake ilikuwa ya kisasa. Fundi Nurzat aliiunganisha na namba za Idara: hewa ikichafuka, madirisha hujifunga, ikiwa safi, hujifungua. Majira yote ya baridi madirisha hayo yalikuwa hayajafunguka hata mara moja.

Waziri alipokabidhiwa kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni mkuu, madirisha yote yakafunguka kwa adabu. Moshi ukaingia bila kubisha hodi.

Kubanych akajikunyata pembeni na simu. "We Nurzat, nyumba imerogwa? Funga!"

"Haijarogwa, kaka. Imeamini namba zenu. Naweza kuifunga, ila itatangaza sababu kwa sauti, kama ulivyotaka: 'Tahadhari, hewa ya jiji ni chafu.' Nifunge?"

Kubanych alimtazama Waziri. "Acha."

"Hewa tamu hii," alisema Waziri, machozi yakimtiririka.

"Ya kijani, mheshimiwa."

"Najua. Niliitia saini mwenyewe." Akakohoa mpaka kofia ikamkaa upande.

Kuondoka haikuwezekana. Hakuna anayeinuka penye chakula kabla mkubwa wa umri hajaomba dua, na mkubwa alikuwa Sayra, mama mzazi wa Kubanych, ambaye kifua chake kilipiga mluzi kila msimu wa makaa.

"Mama, tuombee basi," Kubanych alinong'ona.

"Haraka ya nini, mwanangu? Si hewa safi? Niongezeni chai."

Alikunywa taratibu, ushungi puani. Kisha akainua viganja. "Mungu awajalie nyinyi mliokula hapa muivute hewa ya tangazo lenu, nyinyi na watoto wenu. Madirisha yenu yasiwafungie kamwe."

Wakuu wakatazamana. Dua ya mzee haikataliwi.

"Amina," wakasema, wakakohoa, wakapangusa nyuso.

"Mfumo mzuri," alisema Waziri mlangoni, kwani kusema vingine kungekuwa kuikana saini yake. "Nyumba za wakuu wote ziunganishwe hivihivi."

"Tuanze na yako, mwanangu," Sayra akamwambia.

Cheo kilikuja asubuhi. Mkurugenzi Kubanych akatoa amri yake ya kwanza, sauti ikiwa imemkauka: madirisha ya viongozi yasifungwe mpaka hewa itakapochafuka.