Mashapo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe, mzee Donatien, amelazwa Nantes kubadilishwa goti. Ufunguo wa ghala la mvinyo ameniachia mimi. Mimi, anayeniita muuza viatu tangu nimwoe Solenn! Amesema nikilinda vizuri tangi la pili mpaka arudi, shamba la mizabibu atatuachia. Nikiharibu, anamuuzia jirani yetu Gildas. Kisha agizo moja tu: usiguse. Chakula cha mchana nimekiacha mezani.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia tu. Matangi yamechimbiwa chini; nimeinua kifuniko cha sakafuni, nikamulika. Mvinyo una ukungu, na chini kuna tope zito la rangi ya maziwa. Muscadet gani huo, mvinyo mweupe unaosifika huku kwetu? Gildas akapita uani, akaniuliza kama bado namlindia mzee matope yake. Mzee akirudi akute tope, atalaumiwa nani? Muuza viatu.

Alhamisi, 7 Machi
Kazi imekwisha. Nimevuta mvinyo wote kwa pampu kwenda tangi la tatu. Tope nimelimwaga kwenye mawaridi. Tangi nimelisugua mpaka linanukia sabuni. Safi!
Baadaye. Solenn amerudi kazini, akanusa, akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza kwa sauti ndogo mashapo yako wapi. Ndipo akanieleza jambo ambalo huku hata watoto wa chekechea wanalijua. Lile tope ni chachu iliyokufa baada ya kuchachusha zabibu. Mvinyo hulala juu yake majira yote ya baridi, unapata ladha, kisha unatiwa kwenye chupa kutoka hapohapo. Ukihamishwa, hauna tena haki ya kuandikwa kwamba umelala juu ya mashapo yake. Unakuwa wa kupikia kome. Na lebo zenye maneno hayo baba ameshachapisha. Naogopa. Hata mlango ukigongwa naruka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata njia. Mashapo si mashapo tu? Nimekwenda kwa Gildas, nikamwambia eti Solenn anataka ya kujipaka usoni, ngozi imemkauka. Akasema basi shemeji ana uso mpana kweli, maana nimekuja na mapipa mawili. Akanijazia mwenyewe, akafunga vifuniko, akicheka. Nimerudisha mvinyo tangi la pili, nikamimina mashapo gizani humo, nikakoroga. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula nikashiba.

Jumamosi, 9 Machi
Mvinyo umekuwa wa pinki.
Gildas alinipa mashapo ya mvinyo mwekundu. Sikumuuliza, naye hakusema. Baba anarudi kesho. Nimempigia mama yangu aliyeko Brest, nikamwomba nikajifiche kwake. Amesema hana nafasi, na kwamba Donatien ni mtu mwema, nimwambie ukweli.

Jumapili, 10 Machi
Amefika na magongo. Nimemfungulia ghala. Akachota mvinyo kidogo tangini, akainua glasi kwenye mwanga. Nikaungama kila kitu, pamoja na sabuni. Solenn alikuwa anatazama ukuta.
Mzee akacheka mpaka gongo likamponyoka. Akasema, Aubin mwanangu, mikono yako inawasha tangu siku ya harusi, ulipoikata keki kabla bibi harusi hajafika. Kumbe tangi la pili alilijaza mvinyo hafifu, wa kunijaribu mimi. Muscadet wenyewe umelala kwenye tangi la zamani, chini ya trekta, haujaguswa tangu mavuno. Shamba hatamuuzia Gildas, ila ataliandika kwa jina la Solenn peke yake. Sawa tu. Nimelia kwa kushukuru. Nimeapa mbele yao kwamba sigusi kitu tena.

Jumanne, 19 Machi
Wiki ijayo tunatia kwenye chupa. Leo Solenn amempeleka baba kutolewa nyuzi. Wakati wa kuondoka akaniambia lilelile: usiguse. Nimeelewa kabisa. Nimesogeza trekta kidogo tu, nihakikishe mvinyo uko salama. Nimeinua kifuniko.
Jamani. Najua mashapo ndiyo ladha yake, lakini huu una tope zaidi kuliko ule wa kwanza. Mzee akiuona, na presha yake ile, si atatufia? Bahati nzuri hospitali huwa na foleni ndefu. Pampu nimeshaiwasha.