Ndoo Mbili za Maji ya Moto

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wote wanaisimulia vibaya. Fundi viatu wa kona anasema nililala usingizi juu ya gauni la harusi la mteja. Muuza magazeti anasema nililivaa. Jirani yangu anasema nilikuwa nimelewa, na yeye ndiye hajaamka na macho meupe tangu tufahamiane. Naandika mwenyewe, nyuma ya risiti za nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Herufi nilijifunza kwenye lebo za mashati. Zinatosha.

Sikulala. Nilikaa. Kuna tofauti. Kisigino cha kulia kilinichoma kama nimekanyaga pasi, nikatafuta pa kuweka makalio, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa cheupe na laini. Nitajuaje kuna bibi harusi anakisubiri? Nilikaa dakika kumi tu. Kukoroma ni shauri la pua, si usingizi.

Basi leo Tajiri, mwanamke mwenye hili duka la dobi, katuita wapiga pasi wake wawili, mimi na Twiga. Twiga ni jina nililompa mimi. Shingo yake inaingia mlangoni, yeye anafuata baadaye. Tajiri kasema Jumapili inakuja mashine ya kupiga pasi. Baada ya hapo anahitaji mtu mmoja tu, wa kola na marinda. Atakayesimama mpaka Jumamosi bila kukaa saa za kazi, ndiye atakayebaki. Akanitazama mimi. Halafu akalitazama gauni.

Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye sementi ile. Nimeshampigia waziri suruali pasi akiwa ameivaa, maana alikuwa na haraka, na hakuungua hata unywele. Nikitoka pale niende wapi? Nyumbani ninachojua ni kula tu.

Jioni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, muuguzi wa zahanati, kaja kuniangalia mguu. Kanivua kiatu, kakipima kwa macho, kauliza namba ngapi. Nikasema saba. Kasema mjomba, huu mguu ni wa namba tisa. Nikamwambia nilioa na namba saba na nitazikwa na namba saba. Akasema miguu nayo inazeeka, inatanuka, inalegea kama lastiki ya bukta. Akanimwagia maagizo: viatu vipana vyenye soli nene, nisisimame kama nguzo bali nihamishe uzito mguu huu na mguu ule, asubuhi kabla ya kushuka kitandani nivute vidole kwa taulo mpaka kisigino kinyooke, jioni nibingirishe chupa ya maji baridi chini ya wayo. Mwisho akataka kunipima sukari. Nikamwambia mimi si chai.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekata godoro. Upande wa mke wangu, maana wangu nauhitaji.

Vipande viwili, kila kimoja kama mfuniko wa sufuria. Kwenye viatu visingeingia, humo hata soksi inaingia kwa kuomba. Nikavifukia chini ya mkeka mbele ya meza yangu. Mpaka saa nne nilikuwa nimesimama mawinguni. Mashati ishirini na mawili, hakuna mkunjo wa kusingiziwa.

Kosa ni kwamba kipande kimoja kilikuwa kinene kuliko mwenzake. Twiga akaniangalia muda mrefu toka kule juu aliko. Akauliza, mzee, kwa umri huu bado unarefuka, tena upande mmoja? Wafuaji wakacheka mpaka mapovu yakaruka. Tajiri akaja kuona kinachochekesha, akainua mkeka. Kasema sponji karibu na pasi ni moto unaosubiri, nimemkalia gauni, sasa nataka kumchomea duka. Akavichukua. Kule kaunta akavikalia mwenyewe.

Mke wangu kalala ndani ya shimo. Hakusema neno. Mwanamke yule akisema najua pa kujificha. Akinyamaza sijui.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Maumivu kwisha. Waambieni.

Nimetumia akili ya kazi yangu. Kama wanga unaisimamisha kola wiki nzima, utashindwaje na wayo? Jana niliziloweka soksi kwenye wanga mzito, nikazianika, asubuhi zikawa zinasimama zenyewe sakafuni zikinisubiri. Nikazivaa. Mguu wa kulia ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Siku nzima kimya. Twiga kule mezani kwake kavaa viatu vipana kama mikate, anahama mguu huu, mguu ule, kama mtu aliyekuta choo kina mwenyewe. Nikamuuliza anacheza ngoma gani. Kasema hata yeye nyayo zinamuuma, lakini akihamahama anapata nafuu. Nikamhurumia. Kidogo.

Nyumbani mke wangu kauliza haya matone ni ya nini. Toka mlangoni mpaka kwenye kiti changu, mekundu, yamejipanga vizuri. Nikavua kiatu. Pini ya fundi cherehani, ile ndefu, imepita soli, imepita soksi, imezama kwenye wayo mpaka kichwa. Tangu saa ngapi? Sijui. Huenda tangu asubuhi.

Akamwita mpwa wangu. Huyo kaniambia nifumbe macho, atanigusa na njiti ya ufagio, niseme ananigusa wapi. Nikangoja. Nikamwambia haya, anza basi. Kasema mjomba, nimeshakugusa mara tisa.

Hakucheka, na yule binti hucheka hata msibani. Kasema mguu unaouma unaomba msaada, mguu usiouma umeshakata tamaa. Kasema ni sukari, karibu ana hakika, niende zahanati Ijumaa asubuhi kabla ya kula. Nisitembee peku. Viatu nivikung'ute kabla ya kuvaa. Kila jioni nikague nyayo kwa kioo. Na maji ya kuoga nisiyapime kwa mguu hata siku moja, niyapime kwa kiwiko, maana mguu huu unaweza kuiva mwenyewe usijue.

Kaondoka. Nikakaa nikitazama ukuta. Mguu unaoweza kuiva usijue. Si kila mtu anacho kitu kama hicho.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mpango umekamilika. Hauna tundu.

Nilianza kwa upole. Wakati wa chai ya saa nne, tukiwa tumesimama kama punda, nikamwambia Twiga dawa ya nyayo ni kuzikanda kwa maji ya moto, hiyo ndiyo siri yangu. Kasema kweli? Nikasema kweli, ila si maji ya kila mtu. Kisha nikapandisha sauti ili wafuaji wasikie. Nikasema kesho mchana, Tajiri akienda kula, kila mmoja atie mguu ndoo yake. Atakayetoa wa kwanza aende mwenyewe kwa Tajiri akaage.

Twiga akakataa. Kasema ana watoto wanne, hawezi kucheza na kazi. Kasema tena, mzee wangu, na wewe hiyo miguu ni ya zamani, iache ipumzike. Hilo likaniudhi. Nikawauliza wafuaji kama wamewahi kuona watoto wanne wenye baba anayeogopa maji ya kuoga. Wakacheka, mmoja akaiga kilio cha mtoto anayeogeshwa. Twiga akameza mate. Kwa shingo ile, mate yalichukua muda kufika. Akakubali.

Mke wangu kanusa. Sijui alinusaje. Kanikalisha, kasema amenishuhudia nikipoteza nywele, meno na akili, na vyote amevizoea, lakini hataki kuzoea kitanda kitupu. Kazi ikienda, iende. Ana cherehani, tutakula. Kesho asubuhi zahanati, amekwisha niwekea shati tayari.

Nikamwambia nitaenda Jumamosi, nikiwa mshindi. Akatoka nje, akaanza kufagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Naandika nimelala. Penseli ni ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Zahanati sikwenda. Saa saba Tajiri akaenda kula. Pipa la kuchemshia mashuka lilikuwa linatokota. Ndoo mbili. Twiga alichanganya ya kwake na ya bomba, nusu kwa nusu, akajaribu kwa kidole, akaongeza ya bomba. Mimi nilichota moja kwa moja pipani. Heshima ya mtu ni kutochanganya. Wafuaji wakarudi nyuma kwa ajili ya mvuke. Mmoja kasema basi, mzee, inatosha, umeshatuchekesha. Sikumsikiliza.

Nikavua soksi, nikatia mguu wa kulia. Hakuna kitu. Joto la mbali kidogo, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Nikaanza kuwasimulia ile ya suruali ya waziri. Twiga naye akatia wake. Jasho likamtoka, macho kayakaza kwenye ndoo yangu, ya kwake hata haitazami. Nilipofika pale waziri anapogeuka nyuma, Twiga akapiga ukelele, akamwita mama yake, akapiga ndoo teke, akakimbia. Mtu mzima mwenye watoto wanne. Nikabaki peke yangu na mguu wangu. Nimeshinda. Hilo liandikwe.

Nikainama nivae kiatu. Nikaona soksi inaning'inia kwenye kifundo, nyembamba, imelowa, ina rangi yangu. Nikaivuta niikaze.

Kisha nikakumbuka kwamba soksi nilikwisha kuivua.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Sukari wamenipima. Daktari aliiandika, akaifuta, akanipima tena, akaandika ileile. Jumapili wamenikata vidole viwili, cha mwisho na jirani yake. Cha tatu kiko chini ya uangalizi, kama mshukiwa. Mpwa wangu anaomba ruhusa kazini kwake kila siku, anakuja kusafisha kidonda mwenyewe. Hata lile neno la "nilikwambia" hajalisema, na mimi nimelala nalingojea, lingeniudhi tukagombana nikapata nafuu.

Jana nilimtuma mfuaji aliyekuja kunijulia hali. Nikamwambia amwambie Tajiri wamenikata vidole viwili, lakini Jumatatu niko kazini. Sasa kidole ni kidole. Cha mguu kidole, cha mkono kidole. Habari ilifika dukani bila mguu. Leo Tajiri kaja mbio, kang'ang'ania mikono yangu, kaigeuza, kahesabu kumi, kahesabu tena kumi, kisha akaipiga kofi. Kasema amelia njia nzima kwa ajili ya vidole vya watu wengine. Ndipo akaona blanketi lilivyoinuka upande mmoja. Akakaa.

Nikamuuliza nani kapata kazi. Kasema mashine imefika, imesimama kama bibi harusi, lakini kola hakuna wa kuzipiga. Mimi nina mikono sina mguu. Twiga ana miguu, mikono yake miwili imefungwa bandeji mpaka karibu na viwiko. Kasema angejua kushona watu angetuunganisha apate mpiga pasi mmoja mzima. Basi, atakayepona kwanza, ndiye.

Mpwa wangu kasema ule ulikuwa utani. Mimi niliusikia kama mkataba.

Daktari anasema wiki sita mguu usiguse chini. Mikono ya Twiga wamesema wiki nne. Hesabu hiyo hainipendezi, kwa hiyo naibadilisha. Kesho asubuhi, kabla mpwa wangu hajaja, nakwenda mpaka dirishani na kurudi. Keshokutwa mpaka mlangoni. Hauumi, sasa nani atajua? Mke wangu kaniletea viatu vipya, vipana, namba tisa, kavipanga chini ya kitanda akijua vitanikaa vizuri nikipona. Nimemwomba aniletee vya zamani. Nikamweleza kwamba vidole viwili vimekwisha toka, sasa namba saba itanienea sawasawa. Nilidhani atacheka. Alivitazama vile vipya, akavifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaondoka bila kuaga.

Twiga kaja jioni kunitazama. Kasimama mlangoni, mikono mbele kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana. Nikamtania, nikamwambia aje tusalimiane kwa mkono. Akacheka kweli. Kauliza, mzee wangu, umekula? Mkewe ndiye anamlisha yeye sasa, kijiko kwa kijiko, na wale watoto wanne wanapanga foleni kumtazama baba yao akifungua mdomo. Kisha kaniambia nisiwe na haraka na huo mguu.

Haya. Jambo moja, nalo nalisema mara moja tu. Pale Ijumaa nimeandika kwamba alikimbia. Maji ya ndoo yake yalikuwa ya kuogeshea mtoto, angeweza kukaa humo mpaka Jumapili. Aliona yangu yanavyotoa moshi na mimi nacheka, akapiga ndoo yake teke apate nafasi, akatia mikono yote miwili kwenye ya kwangu, akautoa mguu. Kumwita mama yake, alimwita kweli, maana mikono yake yeye inasikia.

Hakukimbia. Hiyo nilitunga.